Linet Wawili, Cheti Kimoja

Uso ule niliujua.

Wasomaji wangu, wiki jana niliwaacha kwenye dirisha la ofisi ya vitambulisho hapa Busia, mimi na binti yangu Linet tumeinama tukiangalia kompyuta. Afisa alikuwa ametuambia kwamba Linet Ajiambo Oduori wa Mundika hawezi kupewa kitambulisho, kwa sababu alishakichukua mwaka mmoja na nusu uliopita. Akatugeuzia kioo tuone picha. Jina lilikuwa la mwanangu. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa yake. Jina la baba, Vitalis Oduori, lilikuwa langu. Ila uso ulikuwa wa mtu mwingine.

Wengi wenu mmenitumia pole. Wengine mmemlaani mwizi na vizazi vyake. Shikeni kwanza pole zenu, maana kuna jambo niliwaficha.

Mwizi ni mimi.

"Baba, unamjua huyu?" Linet aliniuliza pale pale dirishani.

"Simjui."

Afisa, mama mmoja mtulivu anayeitwa Truphena, aliniangalia kidogo kisha akarudi kwa kompyuta yake.

"Mzee, hapa pana sahihi ya mzazi. Ni yako ama si yako?"

"Inafanana na yangu."

"Nimeuliza kama ni yako."

"Mtu ameiga, madam."

"Haya. Njoo Ijumaa uandike taarifa. Nitaita na askari, kwa sababu hili si kosa la herufi."

Tukatoka. Linet alikuwa na barua ya chuo cha uuguzi ndani ya plastiki, kaikumbatia kifuani. Alitakiwa kuripoti Jumatatu, na bila kitambulisho hakuna kuandikishwa. Hakulia. Aliniambia nisipandishe presha, Mungu atafungua njia. Mtoto ndiye alikuwa akinifariji mimi.

Sasa sikieni.

Mimi ni ajenti wa forodha. Kwa miaka kumi na saba nimewajazia watu karatasi mpakani, Busia na Malaba. Dereva akikwama kwa sababu namba ya kontena haifanani na ya kwenye fomu, ananitafuta. Nilipenda hivyo. Nilipenda kupita kati ya malori nikisikia, "Boss Vitalis, hebu ona hii." Mtu akipenda sana kuitwa anayeweza, kuna siku ataletewa jambo ambalo hapaswi kuliweza, na atalifanya.

Jambo langu lililetwa na dereva aitwaye Robinson. Alikuja na msichana mwembamba, Apio, wa upande wa Tororo, Uganda. Alisema mamake alikuwa Mkenya na amekufa, hakuacha karatasi hata moja. Msichana alikuwa amepata kazi ya kufunga maua, lakini walitaka kitambulisho. Kila ofisi aliyoingia walimuuliza baba yako nani, na yeye hakumjua.

"Wewe una binti wa umri huu," Robinson aliniambia. "Yuko bweni. Hakihitaji sasa hivi. Msaidie tu huyu mtoto, boss. Ni karatasi."

Sikupewa kitu. Ningelipwa, pengine leo ningekuwa na cha kusingizia. Apio alilia mbele yangu, nami nikajiona mkubwa. Nilimpa Robinson bahasha yenye cheti cha kuzaliwa cha Linet na nakala ya kitambulisho changu aandae fomu, na kesho yake nikamsindikiza Apio. Nilimshika bega nikasema, "Huyu ni binti yangu." Waliniamini kwa sababu walinijua. Nikaweka sahihi.

Mtaniuliza, na Linet je? Nilijiambia kwamba siku yake ikifika nitasema kitambulisho kilipotea, tuombe kingine. Mtu wa karatasi kama mimi nilisahau kwamba kitambulisho kimefungwa kwenye alama za vidole. Vidole vilivyowekwa kwa jina la mwanangu ni vya Apio.

Jumatano asubuhi nilienda Malaba. Foleni ya malori ilikuwa imefika mbali, madereva wamekaa kivulini chini ya matrela wakinywa chai. Niliulizia Robinson. Nikaambiwa hajaonekana miezi mingi, na namba yake haipatikani. Mmoja akanielekeza kwa lojing, nyumba ndogo ya wageni nyuma ya reli, kwamba huko yuko msichana anayeweza kujua.

Mama mmoja alikuwa uani akianika mashuka.

"Namtafuta Apio," nikasema.

"Apio? Hapa hatuna Apio."

"Mwembamba. Wa Tororo."

Akafikiri. Kisha akageuka akaita kwa sauti kuelekea jikoni, "Linet. Linet, njoo, kuna mzee anakutafuta."

Sijui kama mmewahi kusikia mtu asiyemjua mwanenu akiliita jina la mwanenu, kisha akatokea mtu mwingine.

Apio alitoka akipangusa mikono. Aliponiona alipiga magoti, kama wasichana wa upande wa pili wa mpaka wanavyosalimia wazee. Mgongoni alikuwa amebeba mtoto.

"Habari yako, baba."

"Simama. Usiniite baba."

Akasimama. "Nikuite nani?"

Nikamuuliza kuhusu kazi ya maua. Akasema hakukuwa na kazi ya maua. Robinson alimchukua na kumweka pale lojing, na kitambulisho kilikuwa cha kumwezesha akae Kenya bila kusumbuliwa.

"Na mtoto?"

"Wa Robinson. Nilipokuwa na mimba ya miezi mitano alisema anapeleka mzigo Juba. Hajarudi."

"Alizaliwa wapi?"

"Hospitali, huku Kenya. Waliuliza kitambulisho, nikatoa."

Aliingia ndani akarudi na kitabu cha kliniki. Alinipa kwa mikono miwili. Nilisoma mstari wa kwanza, nikausoma tena. Jina la mama: Linet Ajiambo Oduori.

Binti yangu, aliyekuwa nyumbani wakati huo akipasi nguo za kwenda chuo, alikuwa mama wa mtoto wa kiume wa miezi minne. Mimi nilikuwa babu. Ilikuwa imeandikwa, na muhuri upo.

"Apio," nikasema, "Linet wangu amekwama. Jumatatu anatakiwa chuoni. Ijumaa nitaandika taarifa. Twende wote. Nitasema ni mimi niliyekuingiza, wewe ulikuwa mtoto."

"Watanifunga?"

"Watanifunga mimi kwanza."

"Na huyu?" Aligusa mguu wa mtoto mgongoni. "Hilo jina likiondoka kwangu, yeye ni wa nani? Uganda sina mtu. Mama alikufa. Karatasi pekee aliyo nayo ni hii, na hii inasema mama yake ni Linet."

Nilikuwa nimekuja na maneno makali. Yote yalinikauka.

"Njoo Ijumaa," nikarudia. "Tutaomba wakusaidie."

Akasema atakuja. Nilikuwa nimefika langoni aliponifuata.

"Baba. Kuna kitu. Ile bahasha uliyompa Robinson, ililala kwake siku moja. Ndani kulikuwa na cheti kingine. Cha mtoto mdogo."

Kwetu vyeti vyote hukaa pamoja kwa bahasha moja ya kaki. Nilikuwa nimempa yote, bila kutoa cha Sharlyne, kitindamimba wetu, wa gredi ya nne.

"Alikipiga picha kwa simu," Apio akasema. "Niliona."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuja kwako nikiwa nani?"

Nilirudi Mundika jioni. Christine, mke wangu, alikuwa nje akitoa njugu maganda. Nilivuta kiti nikakaa mbele yake, nikamwambia. Nilianza na Apio, nikarudi kwa Robinson, nikamaliza na mtoto. Sikuruka kitu, isipokuwa bahasha. Mikono yake iliendelea kuvunja njugu mpaka nilipofika kwa sahihi, ndipo ikatulia.

"Ulimshika bega?" akauliza.

"Nilimshika."

"Ukasema ni wako."

"Nilisema."

"Wakati huo Linet yuko shule anasoma kwa taa, anatafuta hiyo alama ya uuguzi."

Alisukuma ungo pembeni.

"Na cheti cha Sharlyne? Si vyote hukaa bahasha moja?"

Hapo ndipo nilitaka ardhi ipasuke. Nikamweleza habari ya bahasha. Christine hakunitukana. Aliingia chumbani, akatoka na bahasha ile ya kaki, akaifunga ndani ya leso na kuikaza kiunoni.

"Kuanzia leo karatasi ya mtoto haipiti tena kwa mkono wako," akasema.

Nilipogeuka nilimwona Linet amesimama mlangoni. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi. Aliniuliza swali moja tu.

"Huyo mtoto ana miezi mingapi?"

"Minne."

Akarudi ndani. Tangu hapo hakunitazama usoni.

Alhamisi niliandamana na Christine kama mtu anayesindikiza mwalimu wake. Shuleni kwa Sharlyne alimtaka mwalimu mkuu, Bwire, afungue kompyuta mbele yake. Jina la Sharlyne lilikuwa bado pale, namba yake ya usajili haijaguswa, hakuna shule nyingine iliyoiomba. Christine aliomba karatasi, akaandika kwa mkono wake kwamba mtoto asihamishwe, asichukuliwe na mtu, na cheti chake kisitolewe nakala bila yeye kuwapo. Bwire akapiga muhuri.

"Mama, kuna nini?" akauliza.

"Kuna baba yake," Christine akajibu.

Kisha tukapita kila mahali tulipowahi kuacha nakala. Kanisani, kwenye fomu za ufadhili za mwaka juzi. Kwa saiba, lile duka la kompyuta la hapa stendi, ambako kijana alifungua kompyuta na tukaona faili limekaa wazi kwenye kioo, limeandikwa "sharlyne cheti", pamoja na vyeti vya watoto wengine wengi wa Mundika. Mtu yeyote anayeingia kuchapisha barua angeweza kuvichukua vyote.

"Futa," Christine akasema.

"Mama, mimi husaidia wateja wakirudi..."

"Futa chetu nikiona. Na kile kikapu cha kompyuta unachotupia mafaili, kimwage pia. Halafu uwapigie hawa wazazi wengine, mmoja mmoja."

Alisimama nyuma yake mpaka akamaliza. Nilimtazama mke wangu, mtu ambaye hajawahi kujaza fomu ya forodha maishani mwake, akiwalinda watoto kwa saa moja zaidi ya nilivyowalinda kwa miaka yote. Lakini picha iliyo kwenye simu ya Robinson hatukuweza kuifuta. Iko huko alipo, na sijui yuko wapi. Leo hii, ninapoandika, huenda kuna mtoto mahali fulani anafundishwa kuitikia jina la Sharlyne.

Ijumaa tukaamka kwenda ofisini. Linet hakuwa chumbani kwake. Kitanda kimetandikwa, barua ya chuo iko mezani. Christine alimpigia, simu haikushikwa.

"Ameenda kanisani," nikasema. Nilitaka iwe hivyo.

Tulipofika, Truphena alikuwa ameandaa chumba cha nyuma. Askari alikuwa ameketi pembeni, kofia magotini. Apio hakuwapo. Tulisubiri nusu saa, Apio hakutokea.

"Tuanze," Truphena akasema, akanisukumia karatasi.

Niliandika. Mimi Vitalis Oduori, kwa hiari yangu. Niliandika jina la Robinson, nikaandika la Apio. Niliandika kwamba msichana aliyeko kwenye picha si binti yangu, kwamba nilijua, na kwamba sahihi ni yangu. Christine akanishikia ukingo wa karatasi. Nilipofika mwisho Truphena aliisoma yote taratibu.

"Mzee, unajua hii inakupeleka wapi?"

"Najua."

"Na huyo Apio, bila vidole vyake hapa, siwezi kuondoa jina la msichana wako leo. Lazima apatikane."

"Aliahidi kuja."

"Weka sahihi kwanza."

Nilishika kalamu. Mlango ukafunguliwa.

Alikuwa Linet. Viatu vyake vilikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye soksi. Begani alikuwa amelaza mtoto, na chini ya kwapa ameshika kitabu cha kliniki.

Christine aliinuka. "Linet. Umemtoa wapi?"

"Malaba. Nilienda alfajiri. Nilitaka kumwona huyo ambaye ni mimi." Alizungumza polepole, kama anayesoma. "Aliponiona alijua. Hakuuliza jina. Alinikaribisha, akanipa chai. Akaniambia nimshikie mtoto achochee moto, kisha tutakuja huku pamoja. Nilimshika. Alitoka kwa mlango wa nyuma. Nilisubiri mpaka chai ikapoa."

"Amevuka?" askari akauliza.

"Mama wa lojing amemwona akivuka mpaka kwa boda boda. Aliacha kitambulisho ndani ya kitabu."

Truphena alichukua kile kitabu, akakifungua. Kitambulisho kilianguka mezani, sura ya Apio ikituangalia, jina la mwanangu chini yake. Akasoma ukurasa wa kwanza. Akamtazama Linet, akamtazama mtoto, akafunga.

"Dada, nisikilize vizuri," akasema. "Mtoto akiachwa hivi, huwa tunaita ofisi ya watoto. Watakuja wamchukue, watampeleka kwa makao ya watoto, halafu waanze kutafuta mama yake Uganda. Inaweza kuchukua muda mrefu. Kwa hivyo naomba unijibu, niandike. Huyu mtoto ni wa nani?"

Mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi, mate yanalowesha kola ya Linet. Linet alimpangusa kwa kidole. Nilimwona akivuta pumzi.

"Ni wangu," akasema.

"Linet," Christine akaita.

"Ni wangu. Jina langu liko hapo. Kitambulisho ni changu, hiyo picha ilichukuliwa vibaya. Nimekuja kuchukua mtoto wangu, na huyu mzee anajiandikia mambo ambayo hayapo."

Christine alikaa chini, si kwenye kiti, sakafuni kabisa, na leso yenye vyeti imemkaa kiunoni. Nilielewa. Mwanangu alikuwa anatupa chuo, anatupa jina lake safi, anakubali kuishi na vidole vya mtu mwingine, ili mtoto ambaye hakumzaa asipelekwe makao. Na wakati huo huo, kama alijua au hakujua, alikuwa ananitoa mimi jela.

Truphena hakuandika. Alimgeukia askari.

Askari aliweka kofia mezani, akainuka, akaja akasimama juu ya taarifa yangu. Kalamu ilikuwa bado mkononi mwangu, nafasi ya sahihi iko tupu.

"Mzee," akasema, "kati yako na msichana wako, mmoja anadanganya serikali. Nitamfunga huyo mmoja leo. Ni nani?"

Linet aliinua macho akanitazama, mara ya kwanza tangu Jumatano.